Mahindi Juu ya Moto wa Mawe

Makaa ya mawe yakitoka ardhini hayafai kitu. Watu wengi hawalijui hilo. Wanadhani mtu anachimba, anajaza gunia, anauza. Sisi tulioyafanyia kazi pale Njombe, enzi za Mwingereza, tunajua kwamba yanakuja yamechanganyika na udongo na mwamba, na kwamba sehemu kubwa ya kile kilichoshushwa kwenye lori ilikuwa mzigo wa bure, uliosafirishwa kutoka machimbo ya Mchuchuma kwa barabara ya kuvunja mgongo. Kazi yangu ilikuwa kuutenga huo mzigo wa bure. Niliifanya kwa miaka, na mikono yangu haijasahau.

Sikuipenda kazi hiyo. Niliifuata kwa sababu ya wadogo zangu watatu.

Baba alikwenda Tanga kukata mkonge, akarudi na kifua kibovu, akakohoa msimu mmoja, akafa. Mama alimfuata mwaka uliofuata, wakati wa baridi, kwa kichomi. Siku ya kuanua tanga, mwinjilisti alimaliza sala, akanywa chai, akaaga. Alipokwisha kupotea njiani, ndugu za baba walivuta vigoda uani kwetu ili watugawe.

Shangazi, dada yake baba, aliyekuwa ameolewa Tandala, ndiye aliyeanza. "Huyu wa kike nitakwenda naye mimi. Nina mtoto mchanga, atanisaidia kulea."

"Mimi namchukua huyu wa kiume," akasema baba mdogo. "Ng'ombe hawana mtu."

"Shule je?" nikauliza.

"Ng'ombe hawasomi."

Watu wakacheka. Hata mimi ningecheka siku nyingine. Kitindamimba wetu alikuwa amelala mgongoni kwangu, na shangazi alikwisha kumtupia jicho naye.

"Hawaendi popote," nikasema. "Tutakaa wote hapa."

Wanawake wakainamisha vichwa. Msichana hakusema hivyo mbele ya wakubwa. Baba mdogo akanigeukia. "Wewe mwenyewe ni wa kuolewa. Unaweka masharti gani?"

Aliyekuwa na neno la mwisho ni baba mkubwa. Hakuwa mtu mbaya, na nalisema hili sasa ingawa kwa muda mrefu sikutaka kulisema. Alikuwa mtu wa kanuni. Aliniuliza nitawalisha nini wale watoto. Nikamwambia shamba lipo na mikono ipo.

"Mikono ipo kila mahali, mwanangu. Nyumba ni mbegu. Watu wanaokwenda kuomba mbegu kila mvua wanaishi bandani, hata kama lina milango miwili. Mwaka huu nitakupa mimi, kwa sababu ya msiba. Panda, vuna, chagua mbegu yako, itundike juu ya moto wako mwenyewe. Mvua ya mwaka unaofuata nitakuja kuangalia. Nikikuta shamba limeota kwa mbegu yako, hawa ni wako, na hakuna atakayekusumbua. Nikikuta halijaota, usinililie."

Nilikuwa darasa la tatu katika shule ya misheni. Sikurudi tena, hata kuaga sikuaga.

Kwetu, kama nyumba zote za Wabena wa wakati ule, moto wa jikoni haukuwa wa kupikia tu. Juu ya mafiga kulikuwa na miti imelazwa, na mahindi ya mbegu yalifungwa mawili mawili kwa maganda yake, yakaning'inizwa hapo tangu mavuno hadi mvua. Moshi uliyapaka weusi, fukusi hawakuyagusa, na panya walipaogopa mahali pale. Mwanamke aliingia kwa jirani, akaamkia "kamwene", na kabla hajaketi alikuwa amekwisha kutazama juu. Hapo alijua kila kitu kuhusu nyumba ile.

Moto huo ulitaka kuni, na kuni zilikuwa zimeanza kuwa shida. Mapori tuliyozoea kuokota yalikuwa yamepandwa miwati, miti ya wazungu ya magome ya kutengenezea ngozi, na walinzi walinyang'anya akina mama panga na mzigo pamoja. Mdogo wangu wa kiume alilazimika kwenda mbali. Alitoka alfajiri, akarudi jua limepanda, na mwalimu akamchapa kwa kuchelewa. Kisha nguo zikaisha, chumvi ikaisha, ada ikadaiwa. Nikasikia kuna Mzungu ameweka kiwanja pembeni mwa mji na anachukua wanawake. Nikaenda.

Mzungu huyo hakuwa serikali. Alikuwa mtu mwenye malori mawili makuukuu na kibali cha kuchimba kwa majaribio. Nyapara wake alitoka upande wa Songea, mtu wa maneno mengi, ambaye siku ya kwanza alinitazama miguu hadi kichwa akasema, "Haya, mama mdogo, kaa pale uoshe mawe."

Na kweli tuliyaosha. Lori likimwaga, wanaume walipasua mabonge kwa nyundo. Sisi wanawake tulichambua kwa mkono: jeusi linalong'aa huku, la kijivu lisilong'aa kule. Kilichobaki tulikitia kwenye vikapu, tukavichovya katika hodhi la maji na kuvitikisa. Makaa ni mepesi, yanapanda juu. Jiwe linabaki chini. Ulikamata tabaka la juu kwa viganja kabla halijatulia, tena na tena, katika maji ya Njombe mwezi wa Juni, wakati nyasi zinaamka na barafu. Vidole vilikufa ganzi, vikapasuka, na weusi ukaingia kwenye nyufa ukakaa humo. Maji machafu yalishuka kijitoni. Waliokuwa wakichota chini walilalamika mwanzoni, halafu wakahama.

Makaa safi yalipikwa. Yalirundikwa kuzunguka bomba la matofali, yakafunikwa kwa majani na udongo kama watu wanavyofunika tanuri la mkaa wa miti, yakawashwa kwa ndani. Tofauti ni moshi. Moshi wake ni wa njano, mzito, unakaba koo na kunuka kama yai viza. Chini ya tanuri kulikuwa na mfereji, na ndani ya mfereji ilitiririka lami. Moshi ukikatika na moto ukawa safi, wanaume walibomoa na kumwagia maji. Kilichotoka ni kitu cha kijivu chenye vitundu, chepesi, ukikigonga kinalia kama kigae. Hicho ndicho Mzungu alichokitaka. Alisema kitatuletea neema sisi na yeye, na kwamba watu wenye vigingi na darubini waliopita upande wa Makambako walikuwa wanatafuta njia ya reli, na reli ikija itakula makaa usiku na mchana. Reli ilikuja kweli, bendera ya Mwingereza ikiwa imeshashushwa miaka mingi, na injini zake zilikunywa dizeli.

Wakati tukiisubiri reli hiyo, ilibidi tuuze. Nilipelekwa Makambako na nyapara mara kadhaa kwa sababu nilijua kusoma na Kiswahili changu kilinyooka. Makambako ilikuwa njia panda tu: maduka machache, gereji, hoteli mbili tatu za nyasi na mabati, madereva wa Iringa na Mbeya na Songea wakisubiriana. Mhindi wa gereji alinunua yale yaliyopikwa, kwa ajili ya tanuru lake la kunyooshea springi za magari. Lami aliichukua kontrakta wa madaraja, akaipaka nguzo ili mchwa wasizile. Mhunzi mmoja alijaribu gunia moja la makaa mabichi, akatuletea jembe alilolifua kwa moto huo, limekatika kama muhogo mkavu, akaliweka mbele yetu.

Tatizo lilikuwa vumbi. Kila kazi ya makaa huzaa vumbi, na vumbi halipikiki wala haliuziki. Mzungu akabuni kulichanganya na udongo wa mfinyanzi na mavi ya ng'ombe, tufinyange madonge ya ukubwa wa ngumi, tuyaanike. Yalikauka vizuri, yakawaka vizuri. Tukayapakia kuyapeleka kwa wenye hoteli.

"Nini hiki?" aliuliza mama mmoja wa hoteli, akiwa na mwiko mkononi.

"Makaa, mama," akasema nyapara. "Ya mawe. Donge moja linapika maharage mpaka yaive."

"Mawe? Mwanangu, mawe tunayo mengi. Hata kwenye mchele yamo."

"Jaribu basi. Bure."

Alijaribu. Wateja wake, madereva wawili, waliinuka na vikombe vyao wakaenda kunywea nje. "Mama," mmoja akapiga kelele, "leo umepika chai au umempika fisi?"

Tukarudi na mzigo wetu. Ndipo Mzungu alipoamua kwamba kila Jumamosi kila mfanyakazi apewe debe la madonge aende nalo nyumbani. Alisema tukiyazoea sisi, majirani watayataka, na soko litaanzia majikoni mwetu. Nyapara aliyatangaza kama anagawa nyama. "Chukueni, akina mama! Bwana mkubwa amewakumbuka!"

Nami nilifurahi, kusema kweli. Nilifurahi sana. Harufu ilitusumbua siku za kwanza, kisha pua zikazoea. Madonge mawili matatu yaliwaka tangu jioni hadi asubuhi bila mtu kuamka kuchochea. Mdogo wangu wa kiume aliacha kwenda kuni, akafika shule mapema, akaanza kuniletea daftari lenye alama za vema. Mdogo wangu wa kike aliacha kukohoa kwa baridi. Kitindamimba alijifunza kusimama karibu na mafiga yale, ameshika goti langu. Nikadhani nimepata njia. Nikadhani watoto yatima nao huwa wanapata njia.

Tulivuna mwezi wa saba. Nilichagua mahindi marefu, yenye mistari iliyonyooka, punje hadi nchani, kama mama alivyokuwa akifanya. Tuliyafunga, tukayatundika. Mdogo wangu wa kike aliyapanga kwa urefu na kukataza mtu kuyagusa. Moto wa madonge ukawaka chini yake mchana na usiku, Agosti, Septemba, Oktoba. Mwaka ule hatukuona fukusi hata mmoja. Majirani waliingia, wakatazama juu, wakasema, "Mbegu ya nyumba hii imekauka vizuri." Nilikuwa nikisubiri maneno hayo tangu siku ile ya kugawana.

Mvua ilikuja wakati wake. Tulipanda wote wanne, kitindamimba akitumbukiza punje kwenye mashimo niliyomchimbia na kuzifukia kwa mguu. Kisha tukangoja.

Mashamba ya wenzetu yalitoa ncha za kijani. Letu lilibaki jeusi. Nilisema ardhi yetu ni baridi, iko bondeni. Baadaye nikasema panya. Mdogo wangu wa kiume akachoka kunisikiliza, akafukua kwa kidole. Punje ilikuwepo mahali pake. Ilikuwa imevimba, laini, na ukiibonyeza ilitoa maji meupe. Hapakuwa na mzizi. Tukafukua nyingine, na nyingine. Zilikuwa zimelala ardhini kama zimepikwa.

Nilikwenda kazini. Tulikuwa tumekaa kwenye rundo, tukichambua, wala sikutaka kusema, lakini mwenzangu mmoja, mjane mwenye ulimi mkali, alinitangulia.

"Kwako yameota?"

"Bado."

"Bado ndiyo nini? Nakuuliza yameota au hayakuota?"

"Hayakuota."

Akatema mate pembeni. "Na kwangu hayakuota." Akamgeukia aliyefuata. "Na wewe?" Hayakuota. Yule wa mwisho, aliyekuwa mke wa pili na hakuruhusiwa na mke mwenzake kuingiza madonge ndani kwa sababu ya harufu, yake yalikuwa yamefika kifundoni.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Moto wa kuni unapanda na kushuka; unazimika, unawashwa, unaacha mbegu ipumue. Moto ule wa mawe haukupumzika. Uliyachoma mahindi polepole kwa joto tusilolijua, ukaua kiini ndani na kuacha ngozi nzuri nje. Mama zetu walitufundisha urefu wa kuyatundika kwa moto wa kuni. Hakuna mama aliyewahi kufundishwa urefu wa moto wa mawe.

Tulimfuata nyapara. Alitusikiliza, mikono kiunoni.

"Sasa mnataka nini? Bwana anauza moto. Hauzi mahindi."

"Mwambie," akasema mjane. "Mdomo anao yeye, masikio anayo pia."

Akamwambia. Mzungu alitoka ofisini kwake, na nikaona uso wake ukibadilika. Nilidhani ni huruma. Alianza kutuuliza kwa Kiswahili chake cha shamba: mahindi ilikaa juu kiasi gani? Moto ilikuwa madonge ngapi? Ilikauka mpaka ndani kabisa? Nilijibu kila swali vizuri, kwa sababu nilidhani majibu yangu yataleta kitu. Nilisema hata habari za wadogo zangu na za baba mkubwa atakayekuja kuangalia shamba. Akaitikia kwa kichwa.

"Kesho wewe lete hindi moja," akasema. "Mbili, kama iko."

Nilileta mawili yaliyobaki, nimeyafunga kwenye kitambaa cha mama. Kulikuwa na mgeni, Mzungu mwingine, meneja wa shamba la chai, mwenye kaptura na soksi ndefu. Mzungu wetu alichukua hindi langu, akalipukuchua mezani, akazipasua punje kwa kisu moja moja na kumwonyesha. Walizungumza kwa lugha yao. Alinyoosha mkono juu ya meza kuonyesha urefu wa miti ya jikoni kwetu. Meneja wa chai akachukua punje moja, akaiuma, ikalia kama changarawe, akacheka.

Nyapara alielewa kidogo Kiingereza. Nilimuuliza wanasema nini.

"Wanasema moto mzuri," akanong'ona. "Hauyumbi. Mwenye chai anataka kukaushia majani yake. Anasema kama umekausha mahindi namna hii kutoka chini hadi darini, mitambo yake itapata joto tosha. Umetuletea soko, mama mdogo!"

Alinipiga begani. Mzungu naye akanigeukia, akasema asante. Nikasubiri kidogo pale mlangoni. Wakarudi mezani kwenye punje zao, nami nikarudi kwenye hodhi.

Tangu siku ile vumbi halikukosa pa kwenda. Malori ya shamba la chai yalikuja kuyachukua madonge, na sisi wanawake tuliongezewa watu na kuharakishwa. Debe la Jumamosi likakoma, kwa kuwa sasa lilikuwa na mnunuzi.

Baba mkubwa alikuja kama alivyoahidi. Alilizunguka shamba lote, polepole, mikono nyuma. Nilimweleza kila kitu, habari ya moto, habari ya wenzangu ambao nao hawakupata. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nakuamini," akasema. "Sikusema uwe mwongo au mkweli. Nilisema liote."

"Baba, nina kazi. Nitanunua mbegu sokoni, bado mvua ipo."

"Mbegu ya kununua ni ya nyumba ya nani? Mwaka kesho ukikosa kazi?" Alinitazama mikono, weusi ule wa kwenye nyufa. "Usinililie, mwanangu. Tulikubaliana."

Sikulia. Shangazi alikuja kutoka Tandala kumchukua wa kike, na akamchukua kitindamimba pia, kwa kuwa walizoeana, akasema wasitenganishwe. Baba mdogo alituma mtu kumchukua wa kiume, wala hakuja mwenyewe. Mdogo wangu aliniachia daftari lake, kwa kuwa huko aendako halikuwa na kazi. Nililisoma mara moja, nikalitia motoni.

Nilikataa kuolewa. Walikuja wawili, nikawakatalia wote wawili, na watu wakasema makaa yameniharibu kichwa. Niliendelea kuosha mawe. Niliokota kuni Jumapili baada ya ibada, mwenyewe, mbali, kule kule alikokuwa akienda mdogo wangu. Mvua iliyofuata baba mkubwa alinitumia mbegu bila kuombwa. Mahindi yalistawi hadi watu wakasimama njiani kuyatazama. Nikatuma salamu kwa wote, nikasema nyumba ina chakula, ina mbegu juu ya moto wa kuni, na mimi nipo.

Baba mdogo alijibu kwamba ng'ombe wamezaa na mtoto hawezi kuwaacha. Shangazi alijibu kwamba kitindamimba anaumwa tumbo, safari haitamfaa. Lakini alimruhusu wa kike aje kunisaidia kuvuna, kwa siku chache.

Alifika mchana. Nilikuwa ndani, nikasikia mtu anabisha hodi taratibu, kama mgeni anayeogopa kusumbua. Nikatoka. Alikuwa amekua, amefungwa kilemba cha shangazi, na kichwani ana kikapu cha viazi alichopewa aniletee, kwa sababu haifai kwenda kwa watu mikono mitupu. Alipiga magoti, akaniamkia vizuri sana, kama walivyomfundisha. Nikamwambia aingie. Aliingia, akaweka kikapu chini, akasimama katikati ya jiko alilozaliwa ndani yake, akaangalia huku na huku.

"Dada," akasema, "wageni wanalala wapi?"